Jino la Njumu ya Kulia

Mdogo wangu mpendwa,

Nina miaka themanini kasoro mmoja, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimewashinda umri makocha kumi na wawili wa klabu yetu, jukwaa la mbao la uwanja wa zamani, mafundi viatu wote watatu waliowahi kukaa mtaa huu, na yule daktari aliyeniambia nikiendelea na tumbaku sitauona mwaka mpya. Yeye ndiye hakuuona. Kwa hiyo usishtuke kupata barua nene ukadhani kuna msiba. Hakuna aliyekufa. Mimi ni mzima, ni mgongo tu unaolalamika nikiinuka, na meno yaliyobaki yananitosha. Wewe je, hujambo? Ule mguu uliokuwa unavimba umepungua? Watoto wa mtoto wako mdogo hawajambo? Na yule jirani yako wa redio ya makelele, bado hajahama?

Barua yako niliipata Jumatatu. Unajua kwamba barua zako kwa kawaida ananisomea kinyozi, na majibu anaandika yeye huku mimi nasema, maana mwandiko wake unapendeza. Safari hii nilimwambia aniachie karatasi na kalamu aondoke zake. Akacheka, akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia akanyoe watu. Madarasa mawili niliyosoma yatanitosha kwa ninachotaka kusema, ila usinicheke ukiona mistari inapanda mlima. Leo ni siku ya nne niko juu ya karatasi hii.

Umeniambia kwamba mjukuu wetu, tangu arudi kwako, hatoki. Klabu yake kubwa imempa mpaka mwisho wa mwezi awe ameripoti mazoezini, naye ameshakunja jezi, ameziweka chini ya kitanda, na anaulizia kazi ya kuendesha lori. Ukaniandikia: kaka, wewe ndiye mjuzi wa mpira katika ukoo wetu, niambie ukweli, mguu wake umekwisha au haujakwisha, ili nijue nimsukume aende au nimwache apumzike. Hilo ndilo swali lako. Nitalijibu. Lakini lazima nianzie mbali kidogo, nivumilie kama ulivyonivumilia siku zote.

Unakumbuka alivyokuja kwetu. Klabu kubwa ilikuwa na mawinga wengi kuliko nafasi, ikamtoa kwa mkopo wa msimu mmoja, na sisi wadogo ndio tukampata. Mimi nilitembea mtaa mzima nikiwaambia watu kwamba huyo anayekuja ni damu yangu, mjukuu wa dada yangu, kalelewa na dada yangu tangu hajaota meno. Mechi ya kwanza alipopokea mpira na kupita katikati ya mabeki wawili kama vile walikuwa nguo zilizoanikwa, muuza magazeti wetu, yule tunayemwita Mama Kona kwa sababu kila kona ikipigwa anapiga kelele kana kwamba ni bao, alisimama akasema huyu si mtu, huyu ni kishada, anapaa. Jina likamganda. Kishada. Nikamwambia kila mtu kwamba mwendo ule kaurithi kwangu. Wewe unajua kwamba mimi sijawahi kucheza mpira hata siku moja. Wao hawajui.

Mtoto ana adabu, hilo nikupongeze. Kila jioni akitoka mazoezini alipita kwenye benchi langu la kazi, akanibebea mkoba wa zana mpaka nyumbani. Na kwa kuwa ulimwagiza kwamba viatu vyake avilete kwa babu yake tu, alivileta, hata pale ambapo hapakuwa na kilichochanika. Nilivipaka dawa nikavirudisha. Alikuja pia na ile miwani uliyonitumia. Nilimshukuru, nikamwambia macho yangu ni ya mwewe, nikaiweka kwenye droo ya cherehani.

Mwezi wa tatu wa ligi, asubuhi ya mechi, alikuja na njumu ya kulia. Jino moja la mbele, chini ya soli, lilikuwa limekatika mazoezini. Akaniambia kwamba mtunza vifaa wa timu amemwambia achukue pea nyingine stoo, lakini yeye amezoea hii, na pia wewe uliagiza. Mimi nikaudhika. Stoo! Nikamwambia kwamba mimi nimepigilia meno ya njumu za klabu hii tangu enzi za misumari, kabla wachezaji hawajaanza kuvaa viatu vya rangi ya pipi, na katika miaka hamsini na mbili hakuna kiatu kilichorudi kwangu na malalamiko. Nikachonga jino kutoka kwenye soli ya tairi, nikalitoboa, nikalikaza kwa gundi na msumari wa shaba, nikalikata kwa kisu nikikisia kwa kidole gumba. Kazi ya dakika ishirini. Akaipokea kwa mikono miwili, akaenda.

Mchana ule ule, dakika ya thelathini na nne, alipokea mpira upande wa kulia, akamdanganya beki kama anaingia ndani, kisha akageuka kutoka nje. Mwili ukageuka. Mguu haukugeuka. Ulibaki pale pale kwenye majani kama mtu ameushika kutoka chini. Hakuna aliyemgusa. Beki alikuwa mbali hatua nzima, akainua mikono kuonyesha kwamba hakufanya kitu. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Sauti aliyoitoa sitaiandika.

Goti la kulia. Alipasuliwa, akashonwa, akakaa nje miezi sita. Daktari aliyempasua aliniambia goti limeshonwa vizuri sana, hata mimi fundi ningelisifu. Nilimwambia nitalisifu nikiliona likikimbia. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Aliporudi zilikuwa zimebaki mechi nne ligi iishe. Nikwambie ukweli kama mashabiki tunavyoambiana: hakuwa yeye. Mechi ya kwanza aliingia dakika ishirini za mwisho, akaanguka mara mbili bila kuguswa. Ya pili, mpira ukimjia mguu wa kulia anauhamishia wa kushoto, na mpaka auhamishe beki ameshakuja, amesalimia, ameuchukua. Ya tatu alitolewa mapumziko. Ya nne alikaa benchi, na kocha alipomwita aingie alichelewa kufunga kamba mpaka mpira ukaisha.

Basi kwa kinyozi, ambako ndiko tawi letu la mashabiki linakokaa, ikawa hakuna habari nyingine. Benchi langu liko mlangoni pake, mimi nimekaa juu ya lile kasha langu la mbao, nasikia kila neno na mengi nayaongeza mwenyewe. Yuko mwalimu mstaafu, tunamwita Takwimu, ana daftari la mistari anaandika kila mguso wa kila mchezaji. Akasoma kwamba Kishada katika mechi tatu amegusa mpira mara kumi na tisa, na kumi na mbili kati ya hizo ameurudisha nyuma kwa kipa kana kwamba kipa ndiye aliyeusahau. Akasema goti linaloanguka peke yake bila kuguswa ni goti bovu tangu tumboni, na klabu kubwa walilijua hilo, ndiyo maana wakatutupia sisi. Mama Kona akamwambia yeye Takwimu angepasuliwa goti angekwenda kuchukua pensheni kwa toroli, na bado angetaka kupigiwa makofi. Kinyozi akasema mtu akitoka kwenye jeraha apewe muda, kwani yeye mwenyewe alipovunjika kidole na kurudi kazini, mteja wa kwanza alimkata sikio, na mteja huyo mpaka leo anakuja. Watu wote wakamgeukia Takwimu, naye mkono ukaenda wenyewe kwenye sikio. Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti akaomba tusubiri amalizwe kunyolewa.

Na mimi, babu yake? Wote walikuwa wananitazama, wakitaka nimtetee mtoto wangu. Nikasema kishada kimekatika uzi. Nilisema hivyo, mdogo wangu, huku nagonga kisigino cha mtu. Kicheko kilipasuka. Mechi iliyofuata jukwaa zima liliimba: uzi umekatika, uzi umekatika. Wimbo ule ni mimi niliyeutunga, na yeye alikuwa kwenye benchi la wachezaji amejifunika taulo kichwani.

Ligi ilipoisha, katibu wa klabu alileta barua kwa matawi yote, akiuliza kama mashabiki wanataka klabu iombe mkopo wa Kishada uongezwe msimu mwingine au arudishwe. Klabu yenyewe ilikuwa haina uamuzi, kocha anamtaka, mweka hazina hamtaki, kwa hiyo maoni ya matawi yalikuwa na uzito. Tulikutana Jumapili mchana. Utaratibu wa tawi letu unaujua, nimekusimulia mara nyingi kwa sababu unanipendeza: kila mwanachama anasema, na mkubwa wa umri anasema mwisho, na akishasema hakuna anayeongeza neno. Mkubwa wa umri ni mimi, miaka kumi na minne sasa. Takwimu alisema arudishwe. Kinyozi na Mama Kona wakasema abaki, tena Mama Kona alisema huku analia, kwamba hajaona mtu akipaa vile na hataki kufa bila kumwona tena. Wengine wakagawanyika. Ikaja zamu yangu. Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kunibebea mkoba, hakujua kuna mkutano.

Nikasema mguu ukishakataa, umekataa. Arudishwe alikotoka.

Hakuna aliyeongeza neno. Kinyozi akaandika. Mjukuu wako akasema asante babu, akachukua mkoba wangu, tukatembea mpaka nyumbani akiwa nyuma yangu hatua moja kama kawaida yake. Mlangoni aliniuliza kama mgongo bado unasumbua. Wiki iliyofuata ndipo alipokuja kwako, na mengine unayajua kuliko mimi.

Sasa nimefika pale ambapo nimepazunguka kwa siku nne.

Siku tatu baada ya kuumia, mtunza vifaa wa timu alikuja benchini kwangu na mfuko. Alisubiri wateja waondoke. Akatoa ile njumu ya kulia, ikiwa bado na matope, akaniambia kwamba kabla ya mechi aliiona na hakuipenda. Alimwambia mtoto kwamba jino hili jipya ni refu kuliko wenzake, abadilishe viatu. Mtoto akamjibu kwamba jino hilo amelipigilia babu yake na babu yake hakosei, akafunga kamba akaenda uwanjani. Mtunza vifaa aliiweka njumu juu ya meza yangu akaondoka, na tangu siku hiyo viatu vya timu anapeleka mtaa wa pili.

Alipoondoka niliingia ndani, nikatoa miwani yako kwenye droo, nikaivaa kwa mara ya kwanza. Mdogo wangu, lile jino lilikuwa limezidi wenzake kwa upana wa kucha. Kucha nzima. Niliiweka njumu mezani, ikawa inacheza kama meza yenye mguu mfupi. Jino hilo ndilo lililomshika ardhini. Goti lake halikuwa bovu tangu tumboni wala popote. Lilikuwa zima kama siku ulipomfundisha kutembea. Nililivunja mimi, kwa kiburi na kwa macho ya mwewe.

Nilichukua koleo niling'oe lile jino pasibaki ushahidi. Mkono ukakataa. Nikaitia njumu ndani ya kasha, nikafunga, nikakaa juu yake. Mizaha yote ile ya kwa kinyozi, na ule wimbo wa uzi, niliitoa nikiwa nimeikalia.

Hilo bado si baya kuliko yote. Fundi anakosea, na aliyekosea akisema, anasamehewa au hasamehewi, yanakwisha. Baya ni hili. Wiki ya sita, akiwa bado anatembea na magongo, alikuja benchini mchana, watu hakuna. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaegemeza magongo ukutani. Kisha akaniuliza, kwa adabu ile ile, kama lile jino lilikuwa sawa na wenzake. Akasema haniulizi ili kunilaumu. Akasema anataka tu kujua kama ni kiatu au ni goti lake, kwa sababu kama ni kiatu, akipona atakimbia bila wasiwasi, lakini kama ni goti lililomwangusha lenyewe, hatajua litamwangusha tena lini. Alinifungulia mlango, mdogo wangu. Nilichotakiwa ni kuinuka tu kwenye kasha.

Nikamwambia jino lilikuwa sawa kabisa. Nikamwambia miaka hamsini na mbili sijawahi kukosea kiatu. Nikamwambia ni goti lako, mwanangu, pole, wengine huzaliwa nalo. Akaniamini. Aliniamini kuliko mtunza vifaa, na kuliko daktari aliyemshona.

Aliporudi uwanjani aliniletea njumu zake mpya nizipake dawa. Ya kushoto ilikuwa imelika soli. Ya kulia ilikuwa mpya kama imetoka dukani. Takwimu na daftari lake lote hakuwahi kuliona hilo. Mimi nililiona kwa kuigeuza mara moja: mtoto alikuwa haukanyagii mguu ule, anauogopa. Na nilijua ni nani aliyemtia woga. Nikazipaka dawa, nikazirudisha. Na siku ya mkutano nilisema arudishwe kwa sababu nilikuwa nimechoka kumwona akipita mlangoni kwangu kila jioni na kuchukua mkoba. Sikuwa nahukumu mpira hata kidogo. Nilitaka aondoke machoni pangu.

Basi swali lako nalijibu. Mguu haujakwisha. Mguu ni mzima. Njumu naituma pamoja na barua hii, nimeifunga kwenye turubai, matope ya siku ile bado yamo na jino sijaligusa. Mwite mjukuu wetu, kaa naye mezani, uiweke njumu juu ya meza mbele yake, usimwambie kitu kwanza. Aitazame inavyocheza. Apime jino hilo kwa kidole chake mwenyewe. Ndipo umsomee barua hii, yote, usiruke ule mstari wa wimbo. Kisha mwambie achukue jezi zake chini ya kitanda, mwisho wa mwezi haujafika.

Simwombi anisamehe, hilo ni lake na wala asiharakishe. Nawe kama utakaa bila kuniandikia muda mrefu nitaelewa, ingawa nitakuwa naulizia posta. Jumapili tawi linakutana kupanga safari za msimu mpya. Nitaomba, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, niseme wa kwanza, ili kila mwenye neno la kuongeza juu yangu apate nafasi ya kuliongeza. Mama Kona peke yake atamaliza mchana mzima.

Nisalimie watoto wote na mama yao. Mwambie mkubwa wao nimepokea picha, amefanana na marehemu mama yetu paji la uso. Usikae na huo mguu bila kwenda hospitali, usiwe mbishi kama mimi. Miwani yako nimeivaa tangu mstari wa kwanza wa barua hii na sitaivua tena nikiwa kazini. Naona vizuri, mpaka nasikitika kwa viatu vingi vilivyonipitia.

Kama utaona shaka kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa, wapo wa kunithibitishia. Wa kwanza ni mtunza vifaa wa timu, aliyeliona jino kabla ya mechi, nilimfuata jana akaniahidi kwamba mtoto akimuuliza atasema. Wa pili ni njumu yenyewe. Mjukuu wetu usimtegemee. Ataitazama ikicheza mezani na bado atakwambia babu hajawahi kukosea kiatu. Maneno hayo si yake, mdogo wangu. Ni yangu, nilimpa mimi.

Ni mimi kaka yako,
Fundi viatu